Kilima Kilichohesabiwa Mara Mbili

Nilisikia chaki kabla sijamwona aliyeishika. Ilikuwa ikikwaruza upande wa nje wa mlango wetu, taratibu, kwa mkono wa mtu asiye na haraka, na kila ilipofika kwenye fundo la ubao ilitoa mlio mwembamba kama wa panya. Mama alikuwa ameinama mbele ya jiko. Hakugeuka. Alinyanyua tu kiganja, akatukataza kusema, mimi na wadogo zangu wawili, tukabaki hivyo na vikombe vya uji mikononi, tukimsikiliza mtu akituandika.

Kule Bukavu, kabla hatujavuka kuja Rwanda, mama alikuwa ameshaona milango ikitiwa alama, na aliwajua wanaokuja baada ya alama. Kwa hiyo hakupumua mpaka hatua zilipoondoka. Nilipofungua nikamkuta mwalimu wangu wa jiografia, koti lake la kijivu limelowa umande, anaelekea mlango wa jirani. Juu ya ubao wetu aliandika arobaini na moja.

"Ni ya nyumba, Maman," alisema akiwa hukohuko, kwa sauti ya kufika ndani, kwa Kiswahili cha Kivu ambamo watu ni bantu. "Haiko ya bantu."

Mama alitoka na kitambaa kibichi, akaifuta mbele yake. Mwalimu alisubiri amalize, akarudi, akaiandika tena kwenye ubao uliokuwa bado na maji, kisha akanigeukia. Sensa ilikuwa inakuja, ya kwanza tangu vita vya Rwanda, naye amepewa kusimamia vilima vitatu, maana huku kilima ndicho kijiji. Aliniuliza kama miguu yangu bado haiwezi kutulia, kama ilivyokuwa chini ya dawati.

Haikuweza. Nilikuwa nimemaliza shule na sijapata kazi, na kukaa kitako kulikuwa kunaniuma kama ugonjwa. Kutoka uani kwetu tuliiona Bukavu ng'ambo ya maji, karibu hivi kwamba siku ya jua unaweza kuhesabu mashuka yaliyoanikwa kwenye baraza. Pale ndipo nilipozaliwa, mimi na ndugu zangu wote, wajukuu wa watu waliokimbilia kule zamani. Sasa tulikuwa upande huu, juu ya mji wa Cyangugu, na mizinga ya upande ule ilikuwa inatikisa vikombe kabatini mwetu. Kila mtu alikuwa safarini. Wengine walirudi kama sisi, na magodoro na Kiswahili chao cha Kivu. Wengine walirudi kutoka kambi za wakimbizi, kwa miguu, hawana hata sufuria. Wengine walifika, wakakaa msimu mmoja wa maharage, wakaondoka tena usijue wameelekea wapi. Kilima chetu hakikupata kulala wiki mbili mfululizo na watu walewale.

Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba kila nchi ina milango minne ya watu. Wanaingia kwa kuzaliwa na kwa kuhamia; wanatoka kwa kufa na kwa kuhama. Hakuna wa tano. Alichora nyumba ubaoni, akaipa milango minne, akasema kwamba mwenye kutaka kujua kwa nini watu wameongezeka au wamepungua asimame penye mlango mmoja mmoja na ahesabu wanaopita. Darasani jambo hilo lilinipendeza kwa unadhifu wake. Nilikuwa na umri wa kupenda mambo nadhifu. Nilikuwa naandika hadithi kwenye madaftari ya shule, na katika hadithi zangu kila aliyeondoka alirudi au alizikwa.

Kaka yangu mkubwa hakufanya hata moja kati ya hayo. Miaka kadhaa kabla ya sensa, asubuhi moja, alivuka daraja la mto Rusizi, mpakani, kwenda kuchukua cherehani ya mama, tuliyokuwa tumeiacha kwa jirani wa Bukavu. Alikuwa na miaka kumi na saba na viatu vya marehemu baba, vilivyomzidi kidogo. Alisema atarudi kabla ya chakula cha jioni. Wiki hiyohiyo vita vya kwanza vya upande ule vikashuka juu ya mji, daraja likafungwa. Lilipofunguliwa mama alivuka, akaikuta nyumba ya jirani haina jirani, haina cherehani, haina hata fremu za madirisha. Kisha vita vya pili vikaja, vikapanda juu ya vile vya kwanza. Watu walituletea habari zisizofanana: mmoja alimwona kwenye njia ya Shabunda, amebeba gunia, mwingine aliapa alimwona Kisangani, amenenepa.

Mama alirudi kushona kwa mkono. Na mlango wetu, ukishafunguliwa asubuhi, haukufungwa tena hadi giza liingie, mvua inyeshe isinyeshe. Kuku wa jirani walikuwa wanaingia na kutoka kama wenye nyumba.

Basi nikawa karani wa sensa. Nilipewa mfuko wa kitambaa, penseli mbili, kifutio na fomu za nyumba zaidi ya mia moja, yetu ikiwemo. Tulifunzwa kwa siku tano kwenye darasa lililokuwa bado na matundu ya risasi ukutani. Tulifunzwa kukisia umri wa asiyejua mwaka wake: huulizi miaka, unauliza kama alikuwa anatembea mwaka ule mvua ya mawe ilipoivunja migomba, au kama alikuwa ameshaota meno siku watu wa kambi waliporudi. Tulifunzwa kutoamini umri unaoishia na sifuri, kwa sababu asiyejua hukadiria kwa makumi. Na tulifunzwa swali kubwa, lililobeba mengine yote: ni nani walilala katika nyumba hii usiku wa kuamkia siku ya hesabu? Aliyelala anaandikwa. Asiyelala, lakini ameondoka kwa muda usiofika miezi sita, anaandikwa pembeni kama msafiri. Aliyepita miezi sita haandikwi.

Swali lilinishinda kwenye nyumba ya kwanza kabisa. Nilimuuliza mzee mmoja nani alilala kwake, na uso wake ukajifunga. Aliangalia mfuko wangu, akaangalia nyuma yangu kama nimekuja na wenzangu, akasema kwake halali mtu, hata yeye halali. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu wa kilima alilijua. Miaka ile ya hofu, waasi walipokuwa wanavuka na kujificha vijijini, askari waligonga milango na swali hilohilo, kwa maneno hayohayo. Kulijibu vibaya kulikuwa kumewagharimu watu.

Nyumba ya pili nayo ikajifunga. Kwenye nyumba ya tatu nilimkuta mama mmoja muuza sambaza, dagaa wa ziwa letu, mjane, anazianika juu ya mkeka na kuwafukuza inzi kwa kanga. Nilimsogelea nikaketi chini, nikamuuliza kama mama yangu anavyowauliza wageni, kwa sababu kwetu mtoto wa mtu hanyooshewi kidole akahesabiwa. Nikasema, "Maman, Mungu alikupa bangapi?"

Akafunguka kama dirisha. Alinitajia sita, mmoja baada ya mwingine, umri wao, nani alikuwa mkorofi, nani alipenda kula ukoko wa ubwabwa. Niliandika mpaka penseli ikapata moto.

Baada ya hapo sikuuliza tena kwa namna nyingine. Nilikwenda kilima kizima na swali la mama yangu, na kilima kikanipokea. Walinipa viti, walinipa maziwa. Walinitania pia. Kijana mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha saruji kule Bugarama, aliyekuja likizo, alikaa kizingitini akaniuliza mbele ya dada zake, "Weye unahesabia batoto ya bantu, na ya kwako iko wapi?" Mzee mwingine alikataa kusema neno mpaka nimeandika mbuzi wake, nikawaandika nyuma ya kiganja changu, mbuzi tisa, akaridhika. Sikuchoka. Nilikuwa naruka mitaro. Jioni sikutaka siku iishe.

Nyumba yetu niliijaza mezani, mama amesimama nyuma ya bega langu na sindano mdomoni. Sikuuliza lolote. Alitoa sindano akasema, "Batano." Niliandika watano: yeye, mimi, wadogo zangu wawili, na kaka. Kwenye safu ya wale waliolala ndani ya nyumba nilimtilia kaka alama ya ndiyo. Kwa nyumba nyingine naweza kusema nilikosea. Kwetu nilijua.

Kabla ya kukabidhi fomu, nilifanya jambo ambalo hakuna aliyeniagiza. Nilichukua karatasi ya miraba nikachora piramidi ya kilima chetu, kama tulivyofanya darasani: wanaume kushoto, wanawake kulia, wachanga chini, wazee kileleni, kila kundi la umri na mstari wake. Chini ilitoka pana sana, kwa maana baada ya vita watoto walikuwa wanazaliwa kwa pupa kila nyumba. Juu ya hapo ilipanda vizuri, hatua kwa hatua, pande zote mbili sawa, mpaka kwenye ncha. Nilipaka rangi. Nilimpelekea Mwalimu nikiwa na fahari ya mtu aliyejenga.

Alikuwa kwenye ofisi ya sekta inayotawala vilima vyetu, chumba cha juu kinachoangalia ziwa, na mashua za kisiwa cha Nkombo zilikuwa zinashusha abiria chini yetu. Mezani alikuwa na piramidi za vilima vingine viwili, alizozichora mwenyewe. Niliziona kabla hajasema neno. Zilikuwa zimeng'atwa. Upande wa wanaume, kuanzia vijana hadi watu wazima, mistari ilikuwa imeingia ndani kama mdomo uliong'olewa meno. Upande wa wanawake pia kulikuwa na mapengo, madogo zaidi. Akaiweka ya kwangu katikati yao, akaitazama muda mrefu.

"Mademoiselle," akasema, "kilima chako kilikuwa wapi wakati bantu wanakufa?"

Akaniuliza niliwauliza watu nini, nikamwambia. Nilitarajia hasira. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya koti.

"Hiyo hesabu ya Mungu alitoa bangapi, Mungu mwenyewe anayo," alisema. "Siye tunatafuta ile ya wenye wamebaki."

Nilijitetea. Nilisema watu wamechoka kuulizwa nani hayupo. Nilisema kuna ubaya gani kilima kikionekana kizima, hata kwenye karatasi. Akanionyesha kwa penseli lile pengo la kilima jirani, akalizungushia duara jepesi. Akanieleza, bila kupaza sauti, kwamba kuzaliwa kunaonekana na kuhamia kunaonekana, mtu anakuja na vitu vyake. Wanaotoka ndio wasioonekana, na alama pekee wanayoiacha ni hii, mstari uliopaswa kuwa mrefu ukawa mfupi. Nikiujaza kwa huruma, alisema, hapatakuwa na mtu mwingine baadaye, akiisoma karatasi, atakayeuliza walikwenda wapi. Kisha akanirudishia fomu zote, na kunipa siku tatu.

Nilizunguka kilima mara ya pili. Mara hii miguu ilikuwa mizito, lakini moyo haukutulia hata kidogo; nililala vibaya, nikaamka kabla ya jogoo, nikaanza kutembea nikiwa bado natafuna. Niliwaambia watu ukweli, kwamba nimekosea kuuliza, na kwamba sasa naomba wale tu wanaokula hapa leo. Wengine walikasirika. Wengine walicheka, wakaniita Mama Chaki, ati nimekuja kuwapunguza. Yule mzee wa mbuzi aliniuliza kama nao wanafutwa.

Muuza sambaza ndiye niliyemwogopa zaidi. Nilisimama kwenye mkeka wake nikaeleza yote, naye akaendelea kugeuza samaki. Nilipomaliza akajifuta mikono.

"Lete ile kifutio," akasema. "Nitafuta miye mwenyewe."

Hakujua kusoma, kwa hiyo nilimwekea kidole penye kila jina. Alifuta mistari minne. Alifuta polepole, akiwa amebana ulimi kwenye kona ya mdomo kama mtu anayetoa mwiba, na kila alipomaliza mmoja alipuliza uchafu wa kifutio, akaupangusa kwa upande wa kiganja ili karatasi ibaki safi. Walibaki watoto wawili. Akaniuliza kama hao wawili wameandikwa vizuri, wasije wakapotea. Nikasema wameandikwa vizuri. Akanifungia sambaza kwenye jani la mgomba nimpelekee mama, na sikuweza kula hata moja.

Nyumba namba arobaini na moja niliiacha mwisho, halafu sikuifanya. Kila nilipoingia mama alikuwa anashona, na kila nilipofungua mdomo aliniuliza kama nimekula. Aliijua sababu. Habari za kifutio zilikuwa zimemfikia siku ileile ya kwanza. Usiku wa pili alisema, gizani, wadogo zangu wakiwa wamelala, "Ukimufuta, ni weye utakuwa umemuzika."

Mwalimu alikuja mwenyewe kuchukua fomu, mchana wa siku ya mwisho. Aliingia bila kubisha, kwa kuwa mlango ulikuwa wazi. Mama alimpa kiti kilicho karibu na dirisha, akarudi kwenye sindano yake. Niliwatuma wadogo zangu maji. Nilimpa fungu la fomu, yetu nikiwa nimeichomeka chini kabisa. Aliligeuza, akaanza nayo.

Aliisoma yote, ingawa ilikuwa na mistari mitano tu. Alikuwa amemfundisha kaka yangu mwaka mmoja, mwaka ule wetu wa kwanza, na niliona jicho lake likisimama pale.

"Alilala hapa?" akamuuliza mama.

"Kitanda yake iko," mama akasema. "Nimeitandika leo."

"Najua, Maman. Naulizia yeye."

Mama alikata uzi kwa meno. Akamuuliza, kwa adabu kali ambayo nilikuwa naiogopa tangu utotoni, yeye Mwalimu mwenye milango minne, maana binti yake alimwambia habari za hiyo milango, je, mtoto wake ametokea upi. Amekufa? Amehama? Amwonyeshe. Akishamwonyesha atamwacha afute.

Mwalimu hakumwonyesha. Alikaa na fomu juu ya magoti. Nje jogoo wa jirani aliingia, akamtazama, akatoka. Nilisimama kati yao nikikunja na kukunjua mkanda wa mfuko wangu, nikitamani niwe njiani, popote, nikipanda au nikishuka.

"Sijui," akasema mwishowe. "Kwa yule sijui, na fomu haina fasi ya sijui." Akavua miwani. "Kwangu nilijiandika muntu mumoja. Zamani tulikuwa saba. Ile fomu ilinikalia mezani siku ine, na ni miye nafundisha bengine kuijaza."

Mimi sikujua. Mwaka mzima alisimama mbele yetu na chaki, anachora milango, na hakuna aliyejua anarudi kwenye nyumba ya namna gani. Mama aliacha kushona. Alimtazama kama anavyotazama kitambaa kabla ya kukikata, pindo hadi pindo.

"Na kama akirudi?" akauliza.

"Akirudi niite, hata iwe usiku. Nitakuja kumuandika na mukono yangu, kwenye fasi ya wenye wamefika."

"Na sasa?"

"Sasa haandikwi."

Mama aliweka nguo kando, akasimama, akaja mezani, akasukuma kifutio kuelekea kwangu kwa ncha ya kidole. Sikukigusa. Akakichukua mwenyewe, akakiangalia, akakirudisha mezani.

"Andika bane," alimwambia Mwalimu. "Lakini usimufute. Mupige musitari, ionekane kulikuwa muntu."

Ilikuwa kinyume cha maagizo. Tulifunzwa kwamba fomu iliyokatwakatwa hairuhusiwi. Mwalimu alitoa rula mfukoni mwa koti, akailaza juu ya karatasi, akapiga mstari mmoja mwembamba juu ya jina la kaka yangu, hivi kwamba kila herufi ilisomeka chini yake. Pembeni akaandika nne, akatia sahihi yake. Mama alimfuata mkono kwa macho mpaka mwisho wa mstari.

Mama alimpa Mwalimu maji, naye akanywa. Akapanga fomu kwenye mkoba, ya kwetu juu, akainuka akaaga. Mama alimsindikiza hadi kizingitini, kama ada ilivyo, akasimama akimwangalia akishuka na njia ya ziwani, koti la kijivu likipotea na kutokea kati ya migomba. Ng'ambo kulikuwa kimya siku ile. Jua lilikuwa bado juu, mashuka ya Bukavu yanameremeta, na kuku walikuwa wanakuja mlangoni kwa mazoea yao.

Mama aliwazuia kwa mguu. Kisha, akiwa bado anatazama njia, alivuta ubao wenye namba arobaini na moja, akafunga mlango.